Mtumishi wa Mungu Mama Kevin Kearney: Mtawa Aliyewafungulia Mlango Wagonjwa wa Ukoma



Kila Dominika ya mwisho ya mwezi Januari dunia huadhimisha Siku ya Ukoma. Wengi wetu tumezoea kuusikia ugonjwa huu katika Injili tu, tukadhani ulikwisha zamani. Haukwisha. Katika utume wetu wa Jumamosi kwenye parokia moja ya Temeke tulimfahamu mama mmoja anayekaanga samaki jioni kando ya barabara. Alikuwa na baka lililopauka mkononi, lisilowasha wala kuuma. Kwa zaidi ya mwaka mzima alilipaka dawa ya mba, dawa ya choa na mafuta ya kuombewa. Jioni moja mafuta ya moto yalimrukia palepale penye baka. Aliyepiga kelele ni mteja aliyekuwa akisubiri samaki. Mama mwenyewe hakusikia maumivu yoyote. Alipopimwa kwenye kituo cha afya aliambiwa kwamba ni ukoma na kwamba unatibika. Swali lake la kwanza halikuhusu dawa. Alitaka kujua nani mwingine ataambiwa.

Hofu hiyo ndiyo iliyotufanya tuwaletee leo maisha ya mtawa aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda kwa zaidi ya miaka 50. Mama Kevin aliikuta hofu hiyohiyo kwa watu, tena wakati ambapo dawa ya kweli ilikuwa bado haijapatikana.

Yatima wa Wicklow

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow nchini Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alifariki kwa ajali kabla yeye hajazaliwa, na mama yake naye akafariki Teresa akiwa bado mtoto. Akalelewa na bibi yake mzaa mama. Alipokua alifundisha kwa muda kama mwalimu msaidizi, kisha mwaka 1895 akajiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Huko alipewa jina la Kevin, mtakatifu anayeheshimiwa sana katika nchi ya Wicklow. Aliweka nadhiri mwaka 1898.

Yeye alitamani kutumwa Marekani kuwahudumia watu Weusi wa huko. Lakini Askofu Henry Hanlon, wa Shirika la Wamisionari wa Mill Hill, alikuwa ameomba masista kwa ajili ya Uganda, na Sista Kevin akawa miongoni mwa sita waliochaguliwa. Waliondoka Uingereza tarehe 3 Desemba 1902, wakafika Entebbe tarehe 15 Januari 1903. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Zahanati chini ya mwembe

Ilikuwa imepita miaka 17 tu tangu Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake wachomwe moto Namugongo. Kanisa lilikuwa changa na nchi ilikuwa na msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa unawamaliza watu kandokando ya Ziwa Viktoria na visiwani; inakadiriwa kwamba waliokufa katika miaka ile walizidi 200,000. Masista walipewa makao kwenye kilima cha Nsambya, Kampala. Hawakuwa na hospitali, hivyo walianza kutibu watu chini ya mwembe. Huko walisafisha vidonda, walifunga majeraha na kugawa dawa chache walizokuwa nazo. Kutoka kwenye kivuli kile ilikuja kuzaliwa hospitali ya Nsambya, ambayo ipo mpaka leo. Mwaka 1906 walifungua kituo kingine Nagalama.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, iliyopiganwa pia katika ardhi yetu ya Tanganyika. Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunawataja kila siku bila kujua, maana jina la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi kile cha wapagazi. Walioumia na kuugua walipelekwa Nsambya pia, na Mama Kevin aliumizwa sana na namna watu wale walivyothaminiwa kidogo kuliko mizigo waliyoibeba. Aliwauguza bila ubaguzi. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi hiyo.

Vita ilipokwisha aliona kwamba masista wachache kutoka Ulaya hawataweza kamwe kuyafikia mahitaji yote. Mwaka 1921, akishirikiana na mlei mmoja mmisionari, Daktari Evelyn Connolly, alianzisha pale Nsambya shule ya kuwafunza wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Tusisahau kwamba wakati ule sheria ya Kanisa haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Ruhusa ilitoka Roma mwaka 1936 tu. Mwaka 1923 alianzisha shirika la watawa wazalendo, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao makao yao yako Nkokonjeru. Leo masista hao wanafanya utume hata hapa Tanzania.

Nyenga na Buluba

Sasa tufike kwenye kazi inayohusu makala yetu. Katika miaka ya 1930 hakuna aliyetengwa kama mgonjwa wa ukoma. Bakteria wanaosababisha ukoma walikuwa wamegunduliwa tangu mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, hivyo wataalamu walijua kwamba si laana wala si urithi wa ukoo. Lakini kujua chanzo hakukuleta tiba. Dawa iliyotumika duniani kote ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa chalmugra kutoka Asia. Mgonjwa alichomwa sindano za mafuta hayo kwa miezi na miaka. Sindano ziliuma, na waliopona walikuwa wachache. Kwa hiyo watu wengi waliona hakuna faida ya kumhangaikia mgonjwa ambaye hataponywa.

Mama Kevin hakukubali hoja hiyo. Mwaka 1932 alifungua kituo cha wagonjwa wa ukoma Nyenga, si mbali na Jinja, na mwaka 1934 akafungua kingine Buluba, katika nchi ya Busoga, karibu na Ziwa Viktoria. Hakuwa daktari na hakuwa na dawa mpya. Alichoweza kuwapa ni mahali pa kulala, chakula, mtu wa kuosha vidonda vyao na Misa Takatifu. Yaliyobaki aliyaacha mikononi mwa Mungu.

Tunapaswa kusema pia kwamba vituo vya namna hii, popote duniani, vilikuwa na upande wa huzuni. Vilimpa mgonjwa hifadhi, lakini vilimweka mbali na nyumbani, na watu wa kijijini wakazidi kuamini kwamba wenye ukoma lazima wakae peke yao. Siku hizi mgonjwa anatibiwa akiwa kwake, na ni vizuri hivyo. Lakini wakati ule, kwa aliyekuwa amefukuzwa tayari, mlango wa Buluba ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Na mlango huo ulikuwa bado wazi dawa ilipopatikana. Mwaka 1941, katika hospitali ya Carville nchini Marekani, ambako Masista wa Upendo walikuwa wauguzi, Daktari Guy Faget alianza kutumia dawa za jamii ya salfoni. Kutokana na hizo ikaja dapsoni, kidonge cha bei nafuu kilichoenea Afrika katika miaka ya 1950. Mwaka 1951 alifika Buluba daktari kutoka Poland, Wanda Błeńska, akakaa Uganda zaidi ya miaka 40. Yeye alijulikana kwa kuwapima wagonjwa kwa mikono mitupu, ili wenyewe na watu wengine waone kwamba hakuna sababu ya kuogopa kuwagusa. Pale Buluba alifundisha wengine kuutambua ukoma na kuutibu. Kama Mama Kevin angesubiri dawa kwanza, dawa ingefika isikute kituo, wauguzi wala wagonjwa.

Mwisho wa safari

Mwaka 1952 masista wa Mama Kevin waliokuwa Afrika walifanywa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari kwa ajili ya Afrika, na yeye akawa mkuu wao wa kwanza. Alipomaliza uongozi alitumwa Boston, Marekani, kutafuta misaada kwa ajili ya misioni. Hivyo alifika Marekani akiwa mzee, ilhali alikuwa ameiomba akiwa kijana. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 82.

Waamini wa Uganda hawakukubali mama yao alale mbali. Mwili wake ulirudishwa kwa ndege, ukazikwa Nkokonjeru mwezi Desemba 1957, mwezi uleule alioanza safari yake miaka 55 nyuma. Inasemwa kwamba Waganda walilichukua jina lake wakalifanya neno la kutaja hospitali au nyumba ya huruma: kevina. Mwaka 2016 mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Tunachopaswa kujua leo

Ndugu mseminari, na wewe mwanajumuiya, huenda utakuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa baka na mwenzako. Ni vema ujue mambo machache.

Ukoma huanza polepole. Tangu bakteria waingie mwilini hadi dalili zitokee inaweza kupita miaka 5, hata 20. Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka lililopauka au lenye wekundu. Mba, choa na mbalanga navyo huleta mabaka, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Tofauti kubwa ni ganzi: mhudumu wa afya humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa kwa kipamba. Kama hasikii kipamba kwenye baka, ni lazima achunguzwe zaidi. Mhudumu atapapasa pia neva za kiwiko na za shingo aone kama zimevimba, na anaweza kuchukua majimaji ya ngozi yapimwe kwa darubini. Dalili nyingine ni nyusi kunyonyoka, vidole kupinda na vidonda vya nyayo visivyouma.

Ukoma wenyewe hauli vidole. Unaua neva, na mtu asiyesikia maumivu huungua na kujikata bila kujua, mpaka vidonda vinaharibu mkono au mguu. Ndiyo maana kuwahi ni jambo kubwa. Dawa huua bakteria, lakini neva iliyokwisha kufa hairudi.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeelekeza matibabu ya dawa mseto: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka machache hutibiwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12, na dawa hutolewa bure. Rifampisini inaweza kuufanya mkojo kuwa mwekundu na klofazimini hutia ngozi weusi kwa muda. Mgonjwa aambiwe mapema asije akaogopa na kuacha. Baada ya kuanza dawa, muda si mrefu hawezi tena kuambukiza. Isitoshe, watu walio wengi sana wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu.

Kwa juhudi hizi nchi yetu mwaka 2006 ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Ni habari njema, lakini uchache huo nao una hatari: wahudumu, mapadre na majirani tunasahau ukoma unavyofanana, na mgonjwa anazunguka miaka na dawa za choa.

Kule Nunge, Kigamboni, sehemu iliyokuwa zamani ya Temeke, kuna makazi ambako wazee walioachwa na ulemavu wa ukoma wamekuwa wakiishi. Walikwisha kupona siku nyingi. Bado watu huwaita wakoma, kana kwamba ugonjwa ndilo jina lao. Tuanze na hilo: tuseme mtu aliyeugua ukoma, na mimbarini tusiutumie tena ukoma kama mfano wa dhambi bila kufikiri nani amekaa benchi la nyuma. Tuwaombee wagonjwa na kuwapaka mafuta matakatifu, kisha tuwasindikize zahanati siku hiyohiyo.

Mama wa samaki alimaliza miezi yake 12. Mkono wake una kovu na sehemu isiyosikia, hivyo amejifunza kutumia mwiko mrefu na kujikagua kila jioni kabla ya kulala. Katika miezi ile wateja walipungua, kwa maana habari ilivuja. Mwenyekiti wa jumuiya yake, bibi wa makamo, aliacha kutuma mtoto. Akawa anakwenda mwenyewe kila jioni, anakaa kwenye kigoda na kula samaki pale pale, watu wakiona. Mmoja mmoja walirudi.

Mungu atujalie moyo wa Mama Kevin, na kama ni mapenzi yake, atujalie siku moja kumwona akitangazwa mwenye heri. Amina.