Karani wa Mwadui Aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapotangazwa, vijana wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, pamoja na wenzao wa Shinyanga na Geita, huanza kuhangaikia nafasi za vyuo. Wenye vyeti vilivyonyooka hawana shaka kubwa. Wenye taabu ni wale ambao njia yao ilipinda: aliyeacha shule akaingia machimboni, aliyesoma katika chuo kidogo na sasa anataka kuhamia chuo kikubwa, au karani wa chama cha msingi aliyetunza hesabu za wakulima miaka mingi bila kuwa na cheti cha kidato cha sita. Hao hujibiwa upesi kwamba hawana sifa. Kabla jibu hilo halijageuka kuwa mazoea, yafaa tuyatazame upya maisha ya marehemu Paul Bomani, mtu ambaye jina lake linajulikana katika kila kijiji kilichowahi kulima pamba kandokando ya Ziwa.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 katika upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma katika shule ya misheni hiyo huko Ikizu. Zama hizo mlango wa elimu ya juu kwa kijana Mwafrika wa Tanganyika ulikuwa mmoja na mwembamba, nao ulikuwa Makerere. Waliopita hapo walikuwa wachache mno, na wengi wao walitokea katika shule chache zilizopendelewa na serikali. Bomani hakupita njia hiyo. Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda Shinyanga kutafuta kazi, akaipata katika mgodi wa almasi wa Mwadui, uliovumbuliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Hapo kijana huyo alifanya kazi ya ukarani na hesabu.

Kazi ya ukarani mara nyingi hudharauliwa, lakini katika mgodi wa almasi ni shule kubwa. Kila punje hupimwa, huandikwa na kukaguliwa. Kosa dogo katika daftari laweza kuwa hasara kubwa. Mwaka 1947 Bomani aliondoka Mwadui akaenda Mwanza, akawa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huo. Huko ndiko alikokutana na jambo lililobadili maisha yake, yaani mizani ya pamba.

Mkulima wa Usukuma au wa Ukerewe alilima msimu mzima, akachuma, akachagua, akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu hakuwa na la kusema. Manung'uniko ya kupunjwa yalikuwa ya siku nyingi, lakini manung'uniko peke yake hayana ushahidi. Viongozi wa wafanyabiashara Waafrika, Bomani akiwa miongoni mwao, wakaanzisha mpango wa wapimaji huru: vijana waliokaa na mizani yao karibu na wanunuzi, wakaupima mzigo wa mkulima kabla haujauzwa. Tangu hapo mkulima alifika mbele ya mnunuzi akiwa anaujua uzito wa mali yake. Jambo hilo lilikuwa dogo kwa sura, lakini ndilo lililozaa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na baadaye vyama vya ushirika vya pamba vilivyoandikishwa kuanzia mwaka 1953.

Hapo ndipo lilipozuka swali la elimu. Vyama vilikuwa vikiongezeka haraka, fedha zilikuwa nyingi, na walioviongoza walikuwa na ari kubwa kuliko ujuzi. Bomani alikuwa na umri wa miaka 28. Hakuwa na shahada, hakutoka Makerere, na kwa vipimo vya kawaida vya vyuo alikuwa ameshachelewa. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika karibu na mji wa Loughborough. Chuo hicho, kilichoanzishwa Manchester mwaka 1919 na kuhamia Loughborough mwaka 1945, hakikuwekwa kwa ajili ya watoto wa mabwana. Kilikuwa chuo cha harakati ya ushirika, kilichozoea kupokea watu waliokwisha kufanya kazi katika vyama vyao. Chuo cha namna hiyo kilikuwa na uwezo wa kuutambua uzito wa miaka ya Mwadui na Mwanza, uzito ambao fomu ya kawaida isingeuonyesha.

Aliporejea mwaka 1954 matunda hayakuchelewa. Mwaka 1955 vyama vya pamba vya Jimbo la Ziwa viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Bomani akawa meneja wake mkuu. Mwaka uliofuata shirikisho lilikuwa na kinu chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, wilayani Geita. Wananchi wa Geita, ambao mwaka 1958 walisimama imara kuupinga mpango wa mabaraza ya mchanganyiko wa rangi, walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba Mwafrika aweza kuendesha kinu na kutunza hesabu zake. Kabla ya uhuru kuja, shirikisho lilikuwa likiuza karibu pamba yote ya jimbo, nalo likahesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani.

Mwalimu Nyerere alipounda serikali mwaka 1960, Bomani alipewa Wizara ya Kilimo na Maendeleo ya Ushirika, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Lakini si haki kuyaeleza maisha yake kana kwamba yalikuwa kupanda tu bila kuteleza. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wapiga kura walimwangusha. Wakulima walikuwa wakilalamikia makato na uendeshaji wa vyama vilevile alivyovijenga, na mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalumu ya kuvichunguza. Mizani aliyowafundisha wakulima kuisoma ndiyo waliyompimia. Rais alimrudisha katika Baraza la Mawaziri, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 akawa Balozi wetu nchini Marekani.

Kisha likatokea jambo ambalo kila afisa udahili apaswa kulifikiri. Mwaka 1993 Paul Bomani aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cheo alichokishika hadi alipofariki dunia mwaka 2005. Kwa miaka 12 wahitimu wetu walitunukiwa shahada chini ya mamlaka ya mtu ambaye katika ujana wake asingeweza kuingia chuo kikuu kwa cheti alichokuwa nacho.

Taifa letu liliwahi kulifanya wazo hili kuwa sheria kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba kijana amalizapo kidato cha sita afanye kazi kwanza, na apate mapendekezo kutoka kazini na katika Chama, kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, lakini njia ya pembeni ilipofanywa kuwa njia pekee ilileta ucheleweshaji, na barua ya mapendekezo ikawa na nguvu kuliko kazi yenyewe. Ndiyo maana baadaye Azimio hilo lililegezwa. Fundisho lake ni kwamba kazi yastahili kupimwa kwa haki pamoja na cheti, bila kimoja kukifukuza kingine.

Leo njia zipo. Upo mtihani wa kuingilia kwa watu wazima, upo Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana kazini na wa kuhamisha masomo kutoka chuo kimoja hadi kingine. Lakini njia isiyojulikana ni sawa na njia isiyokuwepo. Ni wajibu wa maafisa elimu wa mikoa na wilaya kuzieleza habari hizi hadi visiwani na machimboni, maana kijana wa Ukara hawezi kuomba kile ambacho hajapata kukisikia.

Waajiri nao wana deni. Karani, fundi au mpimaji anapoondoka kazini apewe maandishi yanayoeleza kwa usahihi alifanya nini, kwa muda gani na kwa uaminifu gani. Na vijana wenyewe watunze kumbukumbu za kazi zao kama wanavyotunza vyeti. Anayetaka kuhamia chuo kikubwa asiombe kuonewa huruma. Aonyeshe alichokwisha kukifanya na aseme ni ujuzi gani unaomkwamisha. Bomani alikwenda Loughborough kwa sababu vyama vya pamba vilihitaji mtu anayejua kuviendesha.

Vyuo havitakiwi kushusha kiwango. Bomani hakupunguziwa kipimo. Alipimwa na wakulima, na walipoona amepungua walimwambia kwa kura. Tunachoomba ni kwamba mwombaji ambaye njia yake ilipinda apewe mtihani na kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na aliyeona mengi asirudishwe mlangoni kabla hajaulizwa alichokiona.