Fausto Coppi: alipata uongozi wa timu barabarani, malaria ikamuua kitandani

Barabara inayoshuka kutoka Masisi hadi Sake na Goma inajulikana kwa chukudu zake. Vijana wanazisukuma zikiwa zimejaa viazi, makala na mbao, na wakifika kwenye mteremko wanazipanda. Mwitaliano Fausto Coppi naye alianza kwa kubeba mizigo. Alikuwa kijana wa kupelekea wateja nyama kwa baiskeli, akaja kuwa mmoja kati ya waendesha baiskeli wakubwa kuliko wote duniani. Alifariki tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka wa 1960, akiwa na miaka 40, kwa ugonjwa ambao kila familia ya Walikale inaujua: malaria.

Coppi alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tisa mwaka wa 1919 huko Castellania, kijiji kidogo cha milimani kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto mwembamba, asiye na afya nzuri. Akiwa na miaka 13 aliacha masomo, akapata kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure. Hapo alikutana na Biagio Cavanna, kipofu aliyekuwa akikanda misuli ya wanamichezo. Cavanna alimfundisha namna ya kula, kulala na kujizoeza.

Mwaka wa 1940 Coppi aliingia katika timu ya Legnano. Kiongozi wa timu hiyo alikuwa Gino Bartali, mshindi wa Tour de France ya 1938. Katika mashindano haya marefu, timu inachagua mtu mmoja wa kumpigania. Wengine wanamkinga upepo, wanamletea maji, na gurudumu lake likitoboka wanampa la kwao. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta Coppi. Lakini katika siku za kwanza za mashindano ya Giro d'Italia, Bartali alianguka na kuumia. Coppi akabaki mbele, na timu ikageuka kumsaidia yeye. Mwishoni hata Bartali alimsaidia. Coppi alishinda Giro akiwa na miaka 20. Siku iliyofuata, Italia iliingia katika vita vya pili vya dunia.

Vita vilimpeleka Coppi Tunisia kama askari. Mwaka wa 1943 alikamatwa na Waingereza, akafungwa katika kambi za Afrika Kaskazini. Alirudi kwao vita vilipokuwa vikielekea mwisho.

Baada ya hapo Italia iligawanyika mara mbili: watu wa Bartali na watu wa Coppi. Kila mmoja alikuwa na timu yake, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake njia. Mwaka wa 1948, katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Uholanzi, walibaki wanachungana wao kwa wao mpaka wote wawili wakaacha mashindano bila kumaliza. Mashabiki walikasirika, na shirikisho la baiskeli la Italia likawaadhibu.

Mwaka wa 1949 tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Wakati huo Tour de France ilikuwa inashindaniwa na timu za mataifa, kwa hiyo Coppi na Bartali walipaswa kuvaa jezi moja. Mwenye kuamua alikuwa Alfredo Binda, mkuu wa timu ya Italia, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia mara tatu. Bartali alikuwa ameshinda Tour ya mwaka uliotangulia. Coppi hakuwahi kushiriki Tour hata mara moja, lakini alikuwa ametoka kushinda Giro, akimwacha Bartali kwa karibu dakika 24. Siku moja ya Giro hiyo alikimbia peke yake kilomita 192, akivuka milima mitano.

Binda hakutaka kumpandisha mmoja kwa kumshusha mwingine. Aliketi nao, akazungumza nao, mpaka wakakubali kwenda pamoja, kila mmoja akiwa na watu wa kumsaidia. Barabara ndiyo ingeonyesha nani ana nguvu zaidi.

Makubaliano hayo yalikaribia kuvunjika siku ya tano, kwenye njia ya kwenda Saint-Malo. Coppi alianguka, baiskeli yake ikaharibika. Baiskeli yake ya akiba haikuwa karibu, na Binda alikuwa nyuma pamoja na Bartali. Coppi aliona kwamba mkuu wake amemchagua mwingine. Alitaka kurudi nyumbani. Siku hiyo alipoteza zaidi ya dakika 18, na katika hesabu ya jumla akabaki nyuma ya aliyeongoza kwa zaidi ya dakika 36. Binda hakumkaripia. Alimtuliza, akamshawishi aendelee.

Coppi aliendelea, na milimani akaanza kurudisha muda wake kidogo kidogo. Katika milima ya Alpes, yeye na Bartali waliwaacha wengine wote. Tarehe 18 mwezi wa saba, siku ambayo Bartali alitimiza miaka 35, Coppi alimwachia ushindi wa siku, na Bartali akavaa jezi ya manjano ya anayeongoza. Kesho yake, wakielekea Aosta, gurudumu la Bartali lilitoboka, kisha akaanguka. Coppi alikuwa tayari kumsubiri. Hapo Binda akaamua: Coppi aende. Akaenda, akachukua jezi, na kule Paris akashinda kwa karibu dakika 11, Bartali akiwa wa pili. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kushinda Giro na Tour katika mwaka mmoja.

Mwaka wa 1952 swali la uongozi halikusumbua tena. Coppi alikuwa kiongozi, Bartali akamsaidia, na Coppi akashinda Tour kwa zaidi ya dakika 28. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Lakini alikuwa na kidonda moyoni: mdogo wake Serse, naye mwendesha baiskeli, alifariki mwaka wa 1951 baada ya kuanguka katika mashindano.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1959, Coppi na waendesha baiskeli wengine walialikwa Haute-Volta, nchi inayoitwa leo Burkina Faso. Walishindana Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Mfaransa Raphaël Géminiani. Waliporudi Ulaya, katikati ya baridi kali, wote wawili walishikwa na homa. Ufaransa, damu ya Géminiani ilipimwa, malaria ikaonekana, akapewa kwinini. Alipona, akaishi hadi mwaka wa 2024. Habari hiyo ilipigiwa simu Italia, lakini madaktari wa Coppi walishikilia kwamba ana ugonjwa mwingine. Alifia katika hospitali ya Tortona.

Kati ya Masisi na Walikale, hatari hiyo ingalipo. Masisi ni milima yenye baridi, Walikale ni msitu wenye joto na mbu. Mtu anashuka Walikale kwa biashara au kwa machimbo, anarudi mlimani, na homa inamshika siku kadhaa baadaye, mahali ambapo wengi hawawazi malaria haraka. Kumwambia muuguzi alikotoka, na kupimwa damu mapema, kunaweza kuokoa maisha yake.

Coppi amezikwa Castellania, kando ya mdogo wake Serse. Tangu mwaka wa 2019, kijiji hicho kinaitwa Castellania Coppi.