Medawar, aliyefichua kwa nini mwili hukataa cha mwenzake

PETER Medawar alizaliwa nchini Brazil mwaka 1915, mama akiwa Mwingereza na baba mzaliwa wa Lebanon.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yeye na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walimtibu Glasgow mwanamke aliyeungua kwa kumbandika ngozi ya kaka yake. Ngozi hiyo haikushika. Ya awamu ya pili iliharibika upesi zaidi. Medawar akang'amua kuwa kinga ya mwili ilikuwa imeshamjua mgeni.

Mwaka 1953, yeye, Rupert Billingham na Leslie Brent walidunga seli za panya wa ukoo mwingine kwenye vijusi vya panya. Walipokua, panya hao waliipokea ngozi ya ukoo ule. Kazi hiyo ilimpa Nobel mwaka 1960, pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Baadaye wenzake waliona baadhi ya panya wakidhoofika: seli za mgeni zilimshambulia mwenyeji. Ndiyo hatari inayowakabili hadi leo wanaopandikizwa uboho, na ndiyo maana madaktari hutafuta kwanza mchangiaji anayelingana, kisha hutuliza kinga kwa dawa.

Alipatwa na kiharusi mwaka 1969, lakini aliendelea kuandika. Alifariki London mwaka 1987.