Edith Nesbit: mama wa vitabu vya watoto aliyetisha watu wazima

Wadau, juzi nilikuwa kafe, nimelipia saa moja ya kutafuta kazi. Nusu saa nzima ikaliwa na hadithi ya kutisha! Mwandishi wake ni Edith Nesbit. Ndiyo, yule yule wa The Railway Children, kitabu cha watoto cha mwaka 1906. Nikasema hapana, habari za huyu mama lazima niziandike.

Edith alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1858. Baba yake alifariki binti akiwa na miaka mitatu tu. Mama akawa anahamahama na watoto, mara Uingereza, mara Ufaransa. Huko Bordeaux, Edith akiwa bado mdogo, alionyeshwa maiti zilizokauka, zimesimamishwa ukutani chini ya mnara wa kanisa. Kwa miaka mingi usiku ukawa adui yake.

Mwaka 1880 aliolewa na Hubert Bland, tayari ana mimba ya miezi saba. Haukupita muda, mume akaugua ndui na mshirika wake wa biashara akatokomea na hela. Sasa nani alishe familia? Edith! Aliandika mashairi, hadithi, maneno ya kadi, chochote kile kilicholipa.

Na ndani ya nyumba napo kulikuwa na mambo. Hubert alizaa watoto wawili na Alice Hoatson, rafiki wa Edith aliyeishi nao. Edith akawalea kama wake. Mwaka 1900 mwanae Fabian, miaka 15, akafariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa mafindofindo hapo hapo nyumbani.

Hadithi iliyonimalizia muda wangu inaitwa Man-Size in Marble, ya mwaka 1887. Mume na mke wanahamia nyumba ndogo kijijini. Mtumishi anamwonya mume kuhusu sanamu mbili za marumaru zilizomo kanisani. Mke anaogopa, mume anapuuza. Mwisho wake sisemi, kasome mwenyewe! Ila mimi naona mwanamke aliyeandika vile alikuwa anaijua hofu ya kutosikilizwa.

Mwaka 1893 alitoa vitabu viwili vya namna hiyo, Grim Tales na Something Wrong. Halafu vitabu vya watoto vikampa jina kubwa kuanzia 1899, na zile za kutisha zikasahaulika. Alifariki Kent tarehe 4 Mei 1924, hela ikiwa ya shida.

Nani alizifufua? Mwaka 1988 Hugh Lamb alizikusanya kwenye kitabu In the Dark. Mwaka 2000 kikatolewa tena, kimeongezwa hadithi nyingine, na Ash-Tree Press, kampuni ndogo ya mtu na mkewe, Christopher na Barbara Roden, huko Kanada.  Wachapishaji wadogo nao walisaidia kuokoa nusu ya pili ya Edith. Leo nyingi ya hadithi hizo zinasomeka bure mtandaoni.

Na sisi je? Hadithi za majini na mizimu zilizotoka kwenye magazeti yetu ya zamani, nani anazitunza? Babu yako ana gazeti sandukuni? Usiache lifungie maandazi. Tupeni maoni yenu hapo chini, na kama kuna hadithi unaikumbuka, itaje.