MAX PLANCK NA NAMBARI YAKE NDOGO

Wanachama wenzangu, wengi wetu hapa shuleni hulikimbia somo la Fizikia kana kwamba waliolianzisha hawakuwa watu wa kulia na kucheka kama sisi. Hebu niwasimulie ya mzee mmoja.

Max Planck alizaliwa mjini Kiel, Ujerumani, tarehe 23 Aprili 1858. Piano aliicheza vizuri ajabu. Alipotaka kusomea Fizikia kule München, profesa mmoja alimwonya kwamba somo hilo lilikuwa karibu kwisha, hakuna jipya la kugundua. Kijana hakutishika. Akiwa na miaka 21 tu alikuwa daktari wa Fizikia.

Kilichomsumbua ni kitu ambacho kila mfua chuma hukiona. Chuma kikipata moto huwa chekundu, moto ukizidi huwa cheupe. Kwa nini? Hesabu za siku zile zilikataa kabisa kulingana na vipimo vya maabara. Basi tarehe 14 Desemba 1900, mjini Berlin, Planck akawaeleza wenzake kwamba kawi haitoki mfululizo kama maji ya mfereji, hutoka vipande vipande. Ni kama mayai dukani: utauziwa moja au mawili, lakini nusu yai, ng'o! Ukitaka ukubwa wa kipande, chukua idadi ya mitetemo kwa sekunde, uizidishe na nambari moja isiyobadilika. Nambari hiyo hupimwa kwa jouli-sekunde, yaani kawi mara muda. Na udogo wake si mchezo: andika sufuri, nukta, kisha sufuri 33, ndipo uandike 6626!

Cha kushangaza, mwenyewe hakuifurahia. Alijaribu miaka mingi kuipatanisha na Fizikia ya zamani, akashindwa. Nambari ilimletea Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918.

Lakini nyumbani, jamani! Mkewe Marie alifariki 1909. Mwanawe Karl akafa vitani 1916. Binti yake Grete alifariki baada ya kujifungua, 1917. Pacha wake, Emma, akaenda kumlea yule mtoto, akaolewa na baba yake, naye pia uzazi ukamwua mwaka 1919. Mwaka 1944 mabomu yaliteketeza nyumba yake na barua zake zote. Akabaki Erwin, mwana aliyempenda mno. Huyo alihukumiwa kwa kuhusishwa na njama ya kumwua Hitler. Mzee, mwenye miaka 86, aliandika barua za kumwombea msamaha. Wapi! Januari 1945 Erwin akanyongwa.

Planck aliaga dunia mjini Göttingen tarehe 4 Oktoba 1947. Tangu Mei 2019 hata kilogramu haitegemei tena kile kipande cha madini kilichohifadhiwa Ufaransa, hutegemea nambari yake. Kwenye kaburi lake kuna jina, na chini kabisa ya jiwe, kwa maandishi madogo, imechongwa nambari ile.