Pasta Doug Nicholls, Mchezaji Waliyekataa Kumgusa

Leo ninawaletea habari za Doug Nicholls wa Australia, mchezaji wa mupira aliyekuwa pia mchungaji.

Alizaliwa mwaka wa 1906 kule Cummeragunja, mahali serikali ilipowaweka wenyeji wa inchi, watu weusi. Mupira wao si kama wetu. Kila ekipi ina watu 18 kiwanjani, mupira ni mrefu kama yai, tena wanaushika kwa mikono na kuupiga kwa miguu. Nicholls alikuwa mfupi sana, lakini mbio yake ilikuwa ya ajabu.

Mwaka wa 1927 akajaribu kuingia katika ekipi ya Carlton, mjini Melbourne. Kumbe watu wa kukanda wachezaji miguu wakakataa kumgusa ju ya ngozi yake nyeusi. Akaondoka. Je, aliacha mupira? Hapana! Akaingia ekipi ya Northcote, na mwaka wa 1929 wakachukua shampiona yao. Mwaka wa 1932 akaitwa Fitzroy, katika ligi kubwa. Kule Haydn Bunton, Mzungu na mchezaji mwenye sifa kuliko wote, akamkaribia, akamfanya rafiki. Mwaka wa 1935 Nicholls akachaguliwa kuchezea jimbo la Victoria.

Kisha magoti yakaanza kumuumiza. Akarudi Northcote, na mwaka wa 1947 akawa antreneri wao.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Wakati wa kucheza bado, alimwamini Yesu akabatizwa. Akawa mchungaji wa watu wake kule Fitzroy, akiwasaidia maskini na kutetea haki za wenyeji. Mwaka wa 1972 Malkia wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Desemba 1976 akawa guverneri wa South Australia, mwenyeji wa kwanza kupata kazi ile. Mwaka wa 1977 akaiacha sababu ya ugonjwa. Alikufa mwaka wa 1988, akazikwa Cummeragunja kwao.

Ndugu zangu, hata kiwanjani kwetu kuna mwenzetu anayeachwa pembeni ju ya kabila ao nguo zake. Kesho tukienda kucheza, kila mtu ajiulize: mimi ni kama wale wa Carlton, ao kama Bunton?