David Livingstone

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – Chitambo, leo nchini Zambia, 1 Mei 1873) alikuwa mmisionari, daktari na mpelelezi aliyepinga biashara ya watumwa.

Tangu mwaka 1866 alitafuta chanzo cha mto Nile, na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ikawa kituo chake. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, leo nchini Kongo. Karatasi zilimwishia, hivyo aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Tarehe 15 Julai alishuhudia watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiua mamia ya wenyeji sokoni. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa. Huko Henry Morton Stanley alimkuta mwaka uleule.

Baada ya kifo chake, Susi na Chuma waliongoza msafara uliobeba maiti yake hadi Bagamoyo. Alizikwa London mwaka 1874.

Kurasa za Nyangwe zilififia. Wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na tangu mwaka 2011 zinasomwa bure kwenye intaneti. Zinaonyesha kwamba Livingstone mwenyewe alibadilisha baadhi ya habari za mauaji hayo alipozinakili. Kwa hiyo kitabu cha safari zake kilichotolewa mwaka 1874 hakitoshi peke yake kwa mtafiti.